Sombe Iliyobaki Mlangoni

Mlinzi alitusimamisha kwenye mlango wa hoteli, sufuria za sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, zikiwa bado za moto mikononi mwetu. Alikuwa Mkenya, mgeni wa nchi hii kama sisi, akatuambia kwa Kiswahili: "Pole mama, chakula cha nje hakiruhusiwi." Ukumbini, wageni waliokuja kuonja ili waamue kama watanunua chakula chetu walikunywa maji matupu, kisha wakaondoka.

Wiki mbili kabla, mimi na katibu wa kikundi chetu cha wamama tulienda Maple Grove, kwenye hoteli hiyo, kuukodi ukumbi ule. Mimi sikusoma, basi nilichungulia kila kitu. Kwa nini glasi zimepinduliwa? Meza zinavalishwa sketi za nini?

"Katibu, sombe tutaipashia wapi?"

"Mama, wewe na maswali yako! Kazi yako kupika." Akacheka, akatia sahihi mkataba.

Kwetu mwenye shughuli ndiye anayelisha wageni. Ningejuaje kuna nyumba inayomkataza?

Mlinzi ndiye aliyenisomea katazo kwenye mkataba, na chini yake sahihi ya katibu. Kambini, tulipokuwa wakimbizi, nilipikia umati kwa moto wa mafiga, hakuna aliyenizuia. Hapa nimezuiwa na mtu wetu aliyesoma.

Katibu, uliusoma ukanyamaza, au hukuusoma? Simama mbele ya wamama wote utujibu.