Masharubu ya Šefkija na Gari Lisilonguruma

Šefkija alikuwa dereva wa basi mpaka alipostaafu, na mambo aliyoyaamini duniani yalikuwa matatu: Mungu, pita ya nyama na manda nyembamba anayopika mkewe, na dizeli. Kuna siku dizeli ilipanda hadi nafasi ya pili, ila hilo hakulisema nyumbani.

Gari lake lilikuwa jeupe, milango imeliwa na kutu, na kelele zake zilikuwa za mashine ya kusaga. Mji wote wa Maglaj, huko Bosnia, uliijua sauti ile. Likifika darajani, pale penye mkahawa, mkewe Hajrija huku juu mlimani anabandika mdila jikoni. Likipanda kona ya mwisho, kahawa inatoa povu. Šefkija akifungua mlango, kikombe kipo mezani. Tangu waoane hajawahi kuingoja kahawa, na alidhani ndivyo ilivyo kwa wanaume wote.

Agosti ikafika, na watu wa ughaibuni wakarudi kama kila mwaka, kila mmoja na gari lake na maoni yake. Zumra, binti ya Šefkija, alitoka Norwei na gari la umeme, la kijivu, safi kama sahani. Alilichaji kwa waya uliopita dirisha la jikoni, juu ya pilipili zilizoanikwa.

"Chomoa hili, likizidi kunyonya umeme mama yako atakuta jiko limepoa," Šefkija alinung'unika.

"Baba, Norwei karibu kila mtu analo."

"Norwei wana maporomoko ya maji. Sisi tuna nini? Tuna Nusret."

Nusret ndiye jirani yao, na mwanawe wa Austria alikuwa amemletea gari la haibridi. Mchana ule mkahawani hakuzungumzia kitu kingine.

"Haibridi ndiyo jibu, jamani. Nusu umeme, nusu petroli."

"Hilo ni gari lisilojijua," Šefkija akamkata. "Kama wewe msikitini. Nusu unaswali, nusu unachungulia viatu vyako."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja aliyetoka Ujerumani akasema kwamba katika mji wake dizeli kuukuu haziruhusiwi kuingia katikati.

"Sasa wewe unaingiaje?" Šefkija akamuuliza.

"Kwa miguu."

"Mmesikia? Ameenda Ujerumani miaka yote hiyo akajifunze kutembea!"

Angeishia hapo angekuwa salama. Lakini Šefkija akishachekewa hajui kunyamaza. Alisimama, akasokota masharubu yake meupe, yale ambayo Hajrija aliyakuta usoni siku ya kwanza kumwona na hayajawahi kuondoka, akasema kwa sauti ya stendi ya mabasi:

"Mkiniona kwenye usukani wa gari la umeme, ninyoeni masharubu haya, hapa hapa, mbele ya watu!"

Husnija kinyozi, ambaye duka lake limepakana na mkahawa, aliinua macho kwenye kikombe chake. "Wembe ninao," akasema.

Sasa, Šefkija alikuwa na mchezo wake wa zamani wa kuchanganya dizeli na mafuta ya kupikia. Nusu ya mji waliufanya wakati wa shida, wakaacha. Yeye hakuacha, ndiyo maana gari lake siku zote lilinuka chipsi. Baada ya karamu ya kumpokea Zumra lilibaki karai zima la mafuta ya kukaangia samaki, na moyo ukamkataza kuyamwaga. Akayachuja kwa soksi ya Hajrija, akayamimina ndani ya tangi. Gari likakohoa, likatoa wingu lenye harufu ya samaki, paka wa mtaa mzima wakaja kulitazama, kisha likazimika.

Kesho yake dada yake Hajrija, ng'ambo ya mto, alikuwa na hitima. Hajrija alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa nyumba na sinia mbili za pita mikononi, amekwishavaa. Zumra alikuwa ameenda mtoni kuogelea na wenzake, gari lake likiwa uani.

"Ufunguo ule pale," Hajrija akasema.

"Na masharubu yangu?"

"Wageni wa hitima watakula masharubu yako?"

Akajifunga kitambaa cha jikoni usoni, kama mtu anayeumwa jino, akaingia.

"Limewaka?" Hajrija akauliza.

"Sijui. Haliongei."

Liliteremka mlima kama siagi kwenye kikaango. Šefkija alijikuta anatabasamu chini ya kitambaa, akajikanya.

Darajani magari ya ughaibuni yalikuwa yamebanana, hakuna anayetaka kumpisha mwenzake, na wao wakasimama ubavuni kabisa mwa mkahawa. Hakuna aliyegeuka. Watu wale walizoea kumsikia Šefkija kabla ya kumwona, na leo hapakuwa na cha kusikia. Akateremsha kioo chake kidogo tu, apate kujua wanasema nini.

Nusret alikuwa amesimama juu ya kiti, kijiko amekibana chini ya pua kiwe masharubu. "Dizeli ni roho!" alinguruma. "Gari bila moshi ni mwanamume bila kivuli!" Mkahawa mzima ulikuwa umelala juu ya meza kwa kucheka.

"Kapatia," Hajrija alisema huku sinia zikimtikisika mapajani. "Wallahi kapatia hasa!"

Šefkija aliukamata usukani mpaka vidole vikauma. Kumjibu asingeweza. Akitoa neno tu, masharubu yameenda.

"Na ile pita yao ya Idi mnaikumbuka?" Nusret akaendelea. "Manda za dukani zile! Hajrija siku hizi hasukumi, anafungua pakiti."

Kicheko cha Hajrija kikakatika. Šefkija aliitazama mikono ya mkewe, bado myekundu. Tangu alfajiri alikuwa ameuvuta ule unga uliokandwa mezani mpaka maua ya kitambaa cha meza yakaonekana kupitia ndani yake. Hajrija akateremsha kioo cha upande wake.

Katika ndoa yao yote vioo viwili havijawahi kufunguliwa kwa pamoja, maana kila mtu Maglaj anajua kuwa upepo unaopita katikati ya madirisha mawili unaua. Šefkija akajua hii ni vita.

Gari la mbele likasogea. Njia ikawa wazi. Angeweza kuondoka na masharubu yake, na nisimsingizie ushujaa, alitaka sana kuondoka. Akaishika ncha moja ya masharubu kwa vidole viwili. Kisha akavuta kitambaa, akateremsha kioo chote, akatoa kichwa nje.

"Nusret! Pita ile aliisukuma kwa mikono yake! Leo amesukuma tena, na wewe hutaionja mpaka Kiama!"

Kijiko kilianguka. Wote wakageuka, wakatafuta dizeli kwa macho, wasiione.

"Šefkija? Umetokea wapi? Mbona hatukusikia?"

"Wembe ninao," alisema Husnija, tayari amesimama.

Pita ilifikishwa kwanza, masharubu yakafuata. Chini yake palikuwa na mdomo wa juu mrefu, mweupe, ambao haukuwahi kuona jua. Hajrija alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye akaupapasa kwa kidole, taratibu. "Kumbe ndivyo ulivyo," akasema.

Siku iliyofuata Zumra akamwachia tena gari. Šefkija alirudi kutoka sokoni akipanda mlima kimyakimya, na kwa mara ya kwanza gari lile likamtia huzuni. Sasa hata nyumbani kwake hakuna atakayejua kwamba anakuja. Akasukuma mlango akijiandaa kuingoja kahawa kama mgeni.

Kikombe kilikuwa mezani, povu halijavunjika.

"Umejuaje?" akauliza. "Gari halina sauti."

"Gari?" Hajrija akasema, akimsogezea sukari. "Ulipopita darajani mkahawa mzima umecheka. Nimekusikia tangu huko."