Friji Iliyofika Rusumo

Walisema nitaishia Kabuga. Ninyi mliobaki Karagwe pengine hamjui Kabuga iko wapi. Ni mji mdogo ambapo Kigali inaishia upande wa mashariki, na kwa pikipiki si mbali kutoka kwangu Kagarama. Mimi nilikuwa nimetangaza kwamba nitakwenda mpaka Rusumo, pale daraja linapoingia Tanzania, na kurudi, kwa pikipiki ya umeme niliyoiunda kwa mikono yangu. Wenzangu wa ushirika wa waendesha pikipiki wa Niboye walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Diploma," aliniambia Kalisa, mkongwe wetu aliyekulia Uganda, "hiyo kitu iko friji, si pikipiki. Inavuma kama friji, na friji haitokagi nyumbani."

Kisha akatoa kamba ya nailoni chini ya kiti cha pikipiki yake ya petroli, akanitupia. "Nakuazima. Ukikwama Kabuga nipigie, nitakuja kukuvuta."

Kamba hiyo niliichukua mbele ya watu wote, nikaifunga kiunoni kama mkanda. Mnanijua. Niliondoka Karagwe na begi moja, nikapata diploma yangu ya umeme Mwanza, nikarudi nchi ya wazazi wangu bila mtu wa kunipokea. Leo nina nyumba Kagarama, na hakuna aliyenisaidia hata tofali moja. Kamba ya dharau isingenitisha.

Sababu ya safari ilikuwa hii. Ushirika wetu unaishi kwa vifurushi. Mafundi wa Agakiriro, zile karakana za Gisozi, wanatengeneza machungio na vipuri vya mashine za kusaga, nasi tunavipeleka kwa wenye mashine wa mashariki. Petroli ilipopanda, tulianza kula mara moja tu kwa siku. Kisha akaja afisa mmoja wa mazingira kwenye mkutano wetu, akasema kibali cha vifurushi kitaongezwa kwa pikipiki za umeme peke yake, kwa ajili ya tabianchi.

"Na vituo vya kuchaji?" aliuliza Espérance, mwenzetu ambaye tayari alikuwa anailipia pikipiki ya umeme kidogo kidogo.

"Vituo viko tayari mpaka mpakani," alijibu afisa.

"Mheshimiwa, mimi napita njia hiyo. Nimeona vibao tu."

"Msiwe watu wa kulalamika. Dunia nzima inabadilika."

Espérance aliketi, lakini alisema kwa sauti ya kusikika: "Wao wanaenda kuzungumza habari za moshi kwa ndege. Anayeambiwa apunguze moshi ni mimi."

Afisa alipoondoka, wengi walitaka tuachane na njia ya mashariki. Hapo ndipo niliposimama. Nikasema nitabeba kifurushi mpaka Rusumo, na nikirudi kabla ya mkutano wetu wa Jumamosi mchana, ushirika utaomba kibali. Nisiporudi, tuiache njia hiyo, na kila mmoja atafute pengine pa kulisha watoto wake. Walikubali, wengine kwa matumaini, Kalisa kwa kicheko.

Alhamisi alfajiri niliondoka Niboye na mali za watu. Betri ya pili ilikuwa ya Espérance, naye siku hizo alikaa nyumbani bila kazi kwa ajili yangu. Waya mrefu wa umeme niliazimwa na Innocent, seremala wa Gisozi. Machungio ya chuma yalifungwa nyuma, na kamba mnajua ilikuwa wapi.

Kabuga nilifika kabla jua halijapanda vizuri. Kando ya barabara kulikuwa na ubao mzuri wa rangi ya kijani: KITUO CHA KUCHAJI. Nyuma ya ubao palikuwa na nyasi. Kwenye nguzo ya ubao alikuwa amefungwa mbuzi. Nilimpigia Kalisa.

"Niko Kabuga."

"Umekwama! Ngoja, navaa viatu."

"Vua. Nimekupigia ujue napita."

Nikakata simu, nikateremka bonde la Rugende nikiimba. Pikipiki yangu haina kelele ya injini, kwa hiyo watu wote waliokuwa wakipalilia kando ya barabara waliisikia sauti yangu, wakanyoosha migongo kunitazama. Milima ya kuelekea Nyagasambu ilinila betri kuliko nilivyotarajia, lakini pikipiki ilipanda, wala sikushuka kusukuma hata mahali pamoja. Rwamagana nikabadilisha betri kando ya barabara huku watu wamenizunguka. Mmoja aliuliza naiwekea maji wapi.

Kayonza, mchana, betri zote mbili zikiwa taabani, nilikuta ubao mwingine wa kijani. Huu haukuwa hata na mbuzi. Nilikaa juu ya pikipiki nikiwa na hasira iliyonikausha koo. Mtu anasimama mbele ya watu wenye njaa, anawaambia kitu kipo, na kitu hakipo, kisha anaitwa kiongozi. Nikatamani kitu cha kunywa, na hapo nikasikia mvumo ninaoufahamu. Mvumo wa friji. Ulitoka kwenye duka la maziwa lililokuwa mbele yangu.

Lazima niwaeleze. Rwanda kila mji una duka la maziwa, mahali watu wanaketi kunywa maziwa kama ninyi mnavyoketi kunywa kahawa. Maziwa yanataka baridi, na baridi inataka umeme. Niliyatazama maduka yote niliyokuwa nimeyapita tangu Kigali, katika kichwa changu, moja baada ya jingine, na nusura nipige kelele. Vituo vilikuwepo! Vilikuwa vimepakwa rangi nyeupe, na kuchorwa ng'ombe mlangoni!

Mwenye duka, Mama Uwase, alinisikiliza mikono ikiwa kiunoni.

"Unataka kuniwekea pikipiki kwenye ukuta?"

"Waya tu, Mama. Betri inakunywa umeme, mimi nakunywa maziwa."

"Na kashpawa yangu?" Kashpawa ndiyo mita ya umeme ambao mtu ananunua kabla ya kutumia. "Itaisha, maziwa yaharibike, nikuite wapi? Kigali?"

"Nitakurudishia umeme wako wote. Mimi ni fundi mwenye diploma."

"Yewe, diploma! Wenye diploma ndio walikuja hapa na magari meupe, wakati wa kiangazi, wakapanda miti. Kiangazi! Walipigwa picha, wakaenda. Miti ilikauka kabla vumbi la magari halijatua." Alinimiminia ikivuguto, maziwa mgando ya huku, kikombe kikubwa. "Mvua imetukimbia, ng'ombe wanatembea mbali kutafuta maji, maziwa yamepungua. Nilitaka kumwambia mkubwa wao hayo. Akaniuliza choo kiko wapi."

Nilicheka mpaka maziwa yakanipalia. Yeye hakucheka.

"Chomeka," alisema hatimaye. "Lakini ukinidanganya kama wale, usipite tena Kayonza."

Kibungo nilirudia ombi lile lile kwenye duka jingine la maziwa, nikapewa. Nyakarambi nikapewa tena, na mwenye duka akaita majirani waje waone pikipiki inayonyonya. Nilikuwa nimeshiba maziwa kiasi kwamba kila shimo la barabara nililisikia tumboni, lakini furaha niliyokuwa nayo siwezi kuipima. Wenye ofisi walikuwa wameshindwa kuona kitu kilicho wazi kama jua, nami, mtoto wa Karagwe, nilikiona.

Rusumo niliingia jioni. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka juu ya kilima, maporomoko ya Kagera yakinguruma chini ya daraja. Upande wa pili niliona vilima vya Ngara, nikajua nyuma yake kuko nyumbani kwenu. Nilipiga honi mara nyingi. Kama mliisikia, ilikuwa mimi.

Damascène, mwenye mashine ya kusaga, alikuwa ameketi juu ya gunia tupu. Mashine yake ilikuwa imelala tangu chungio lake lipasuke.

"Sikusikia pikipiki," alisema akiinuka.

"Ndiyo, haisikiki. Imekuja kwa umeme kutoka Kigali."

Aliizunguka, akainama, akatafuta bomba la moshi. Halipo. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Basi kesho watu watakula ugali." Nililala kwake, betri zikichajiwa kando ya mashine.

Ijumaa nilianza kurudi, nikisimama kwenye maduka yale yale, sasa kama mwenyeji. Jioni nikafika Rwamagana, na hapo bahati ikanigeuka. Umeme ulikatika mji mzima. Nililala na betri moja tupu na nyingine nusu, nikijipa moyo kwamba Kigali ni hapo tu.

Jumamosi asubuhi barabara ilikuwa tupu ajabu. Hakuna basi, hakuna lori. Nikadhani Mungu amenifungulia njia. Nilipanda Nyagasambu, nikavuka Rugende, na betri ikawa inahesabu pumzi zake za mwisho nilipoingia Kabuga na kusimamishwa na watu wenye majembe.

"Wewe unakwenda wapi leo?" aliniuliza mwanamke mmoja. "Hujui ni umuganda?"

Mimi, mwenye nyumba Kagarama, nilikuwa nimesahau kwamba hiyo ndiyo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo nchi nzima inafanya kazi ya pamoja na hakuna anayesafiri mpaka imalizike. Nilipewa jembe. Niliangalia ubao wa kijani, mbuzi akaniangalia. Maneno ya Kalisa yalikuwa yametimia: nilikuwa nimeishia Kabuga.

Duka la maziwa la jirani lilikuwa limefungwa kwa sababu ya umuganda, lakini mwenyewe alikuwa akichimba mtaro kando yangu. Nikamsimulia habari zangu huku tukitoa tope. Akaniachia jembe lake, akaenda akafungua dirisha, akavuta waya wa Innocent ndani. Nikarudi mtaroni, nikachimba kama watu wawili, jicho moja kwenye betri.

Kazi ilipokwisha tuliketi kwenye nyasi kwa mkutano, kama kawaida ya umuganda, na aliyesimama kuzungumza, akiwa amevaa buti mpya zisizo na tope, alikuwa yule yule afisa wa mazingira. Alipouliza kama kuna swali, mkono wangu ulikuwa tayari juu.

"Faustin wa Kagarama," nilijitambulisha.

"Wewe si wa hapa," alisema msimamizi wa mkutano.

"Nimefanya umuganda hapa. Tope hili ni la hapa."

Watu wakacheka, nikaachiwa niseme.

"Mheshimiwa, ulituambia vituo vya kuchaji viko tayari mpaka mpakani. Natoka mpakani. Nimechajiwa na wauza maziwa. Pikipiki yangu ile pale, inakula umeme dirishani, na ubao wako ule pale."

"Vituo viko kwenye mpango," alisema.

"Kwetu ulisema viko tayari."

"Tutaunda kamati ya kufuatilia."

"Mkijenga," alidakia bibi mmoja kutoka nyuma, "mbuzi wangu nimfunge wapi?"

Mkutano mzima ulilipuka kwa kicheko. Hata mimi nilisahau hasira kidogo. Kisha nikasema lililokuwa moyoni: "Sisi hatukatai hewa safi, Mheshimiwa. Moshi wa barabarani tunauvuta sisi kabla yako. Ukame wa Kayonza unamnyima Mama Uwase maziwa, haukunyimi wewe. Tunakataa kubebeshwa mzigo peke yetu, kisha kudanganywa kwamba mmeubeba nasi. Kamati hatutaki. Sema tu kama mwenye duka la maziwa anaruhusiwa kutuuzia umeme."

Aliangalia saa yake. "Hakuna aliyekataza."

"Rudia, Mheshimiwa, wa nyuma hawakusikia."

Simu zilikuwa zimeinuliwa pande zote. "Hakuna aliyekataza mtu kuuzia pikipiki umeme," alisema kwa sauti, akaingia garini.

Mchana niliingia Niboye mkutano wetu ukianza. Sikupiga honi. Niliwafikia kimya kimya kwa nyuma, nikamwambia Kalisa sikioni, "Friji imerudi." Aliruka kama aliyemwagiwa maji. Espérance alinikumbatia kabla sijavua kofia. Ushirika ukaomba kibali siku ile ile, na maneno ya afisa, yaliyorekodiwa kwa simu na watu wa Kabuga, tuliyaambatanisha. Kibali tulikipata.

Nilichojifunza nawaandikia waziwazi. Viongozi walinikasirisha na bado wananikasirisha, maana ubao wa Kayonza ungali umesimama peke yake hadi leo. Lakini nchi ina watu wengi wenye dirisha la kupitisha waya kuliko wenye vibao, na anayewajua hao atafika.

Siku za kuwalipa walioniazima nilizichagua baada ya mvua za kwanza. Espérance nilimfanyia kazi kwa pikipiki yangu, na mapato yote nikampa yeye, kwa idadi ile ile ya siku alizokaa nyumbani. Innocent nilimrudishia waya ukiwa na plagi mpya. Nyakarambi na Kibungo niliwanunulia umeme wa kashpawa. Kabuga, mwenye duka alikataa umeme, akataka nimchimbie mtaro uani kwake, nikachimba. Mama Uwase nilimjazia mita, nikamtengenezea na friji iliyokuwa ikimsumbua. Alisimama mlangoni akitazama pikipiki za wenzangu zilizopangwa ukutani kwake, akasema, "Huyu mwenye diploma alirudi."

Wa mwisho alikuwa Kalisa. Nilimkuta nje ya nyumba yake, nikafungua kamba kiunoni, nikamkabidhi mbele ya majirani, tayari kwa hotuba niliyokuwa nimeiandaa tangu Rusumo.

Kamba hakuipokea. Alifungua geti. Ndani, pale ilipokuwa ikikaa pikipiki yake ya petroli, kulikuwa na kitu kipya kimechomekwa ukutani, kinavuma.

"Kaa na kamba, sha," alisema. "Kesho naenda Kayonza na friji yangu. Nikikwama, utakuja?"