Mjohoro Ulioshonewa Mkanda

Mtaani wanamwita Sentimita. Ni fundi cherehani, na kwa miaka kumi na tisa utepe wa kupimia haujatoka shingoni mwake ila kwa kuoga. Chumba chake cha kazi kimeezekwa mabati na hakina dari. Saa sita mchana pasi na paa hushindana kwa moto. Mteja anayejaribu gauni hulivua kabla hajajitazama kwenye kioo.

Ndiyo maana alipanda mjohoro mlangoni. Ulikua upesi, ukatoa maua ya manjano, lakini tawi lake nene lilielekea upande wa pili, kivuli kikawa cha jirani muuza miche.

"Mti wako unanipenda," jirani alimwambia.

"Bado haujafundwa."

Akaufunda kifundi. Alizungusha mkanda wa jinzi kwenye tawi, akalivuta kidogo kidogo mpaka likainama juu ya mlango, mwisho wa mkanda akaukaza kwenye nguzo. Hakupiga fundo, fundo ni la wafunga mizigo. Alishona palepale, safu mbili za uzi. Mwaka uliofuata cherehani ilihamia nje, na wateja wakawa wanakaa hata baada ya kuchukua nguo zao.

Kisha wifi yake, anayemsaidia kushona vifungo, akaona majani ya njano.

"Wifi, mti wako unanyauka."

"Jua hilo."

"Jua gani linalochagua tawi moja?"

Muuza miche alipanda kwenye stuli, akapapasa. Mkanda ulikuwa umezama ndani ya gome.

"Umeukaba, shemeji. Mti nao hunenepa."

Sentimita ni mtu asiyekubali kushona sare ya mtoto bila kuacha pindo la kuongezea.

"Watoto wa wenzio unawaachia pindo," wifi alisema. "Wako umembana."

Miezi ya joto ilikuwa inakaribia. Tawi likifa, angerudi chini ya mabati, na wateja wangerudi makwao. Alichukua wembe, akapanda stuli, akafumua uzi mmoja mmoja asije akalijeruhi gome. Ilimchukua asubuhi nzima. Kwa mara ya kwanza alitamani angekuwa fundi mbovu.

Wiki sita alilitazama tawi kila siku kabla ya kufungua kufuli. Ya saba, machipukizi yakatokeza, madogo kama vichwa vya pini. Aliyahesabu mara mbili, kisha akaitoa cherehani nje.

Mkanda wa sasa ni mpana, umelegea, una matundu tisa ya kifungo ili uachiwe kadiri tawi linavyonenepa.

"Hii ni suruali ya mjamzito," wifi alisema, akikaza uzi wa kifungo.

"Kaza vizuri. Mteja huyu harudishi nguo."

Katika daftari la vipimo, kati ya bibi harusi na askari mlinzi, pameandikwa: Mjohoro, tawi la mlangoni. Kiuno 31. Acha pindo.