Neno la Ijumaa

Nilipokuwa kidato cha pili kwenye sekondari ya kata yetu, Keza, wilayani Ngara, niliugua ugonjwa wa maneno marefu. Klabu ya Kiingereza ilikuwa na desturi yake. Kila Ijumaa mstarini, mwanafunzi aliyepata neno la Kiingereza lenye irabu zote tano, a, e, i, o na u, alipanda ngazi za ofisi akalitaja herufi kwa herufi. Kama halijawahi kuletwa, shule nzima ilimpigia makofi matatu ya mpigo, na jina lake likakaa kwenye kona ya ubao wiki nzima. Maana ya neno hakuna aliyeuliza, na mimi ndiye niliyependa zaidi kutoulizwa.

“Education” lilikuwa limekwisha siku nyingi. “Precaution” alilileta dada mmoja wa kidato cha nne, nikamwonea wivu mpaka chakula kikawa hakishuki. Kamusi sikuwa nayo. Niliwinda kwenye magunia ya mbolea, kwenye makopo ya dawa za mifugo, kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Kila nilichookota nilikipima kwa vidole vitano vya mkono mmoja, irabu moja kidole kimoja, na mara nyingi kidole kimoja kilibaki kimesimama peke yake.

Jumatano moja nikiwa nachambua maharage, mama aliingia kutoka kituo cha afya, mdogo wangu yuko mgongoni. Alikuwa mtoto wa mwaka na nusu, kitinda mimba wetu, na kifua kilikuwa kinamkoroma tangu Jumapili. Mama alikuwa na dawa za kuyeyusha kwenye maji, na karatasi. Foleni ilikuwa ndefu, akasema, na daktari alimwuliza kama nyumbani kuna anayejua Kiingereza. Alimjibu kwamba binti yake yuko sekondari. Alilisema hilo huku anatabasamu, akanikabidhi karatasi kwa mikono miwili.

“Soma. Wanasemaje?”

Nikaikunjua. Neno la kwanza kabisa lilikuwa “pneumonia”. Vidole vilianza kuhesabu vyenyewe: e, u, o, i, a. Zote tano, na kila moja mara moja tu. Niliruka pale nilipo, maharage yakamwagika.

“Wanasema ni kifua,” nikamwambia. “Umpe dawa mpaka ziishe.”

“Halafu?”

“Ni hayo tu, mama.”

Hayakuwa hayo tu. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja wa maneno mafupi, ya darasa la tano, yakisema mtoto arudishwe baada ya siku mbili. Ningependa kusema Kiingereza kilinishinda. Hakikunishinda. Nilipitisha macho juu ya ule mstari, nikauelewa, nikauacha, kwa sababu haukuwa na kitu cha kunifaa mimi. Kisha nikachukua kalamu nyekundu nikazungushia irabu zangu, nikaiweka karatasi katikati ya daftari langu la klabu.

Ijumaa, siku aliyotakiwa kurudishwa, nilikuwa juu ya ngazi za ofisi. Yule dada wa kidato cha nne alinitazama mpaka akainamisha uso. Makofi yalipigwa matatu. Nilitembea kwa maringo siku nzima, mtu angedhani nimeteuliwa mkuu wa wilaya.

Jumamosi asubuhi mdogo wangu aliukataa uji, akalikataa na ziwa. Kila alipovuta pumzi, mbavu zilibonyea ndani. Mama alimfunga mgongoni, tukapanda bodaboda moja wote, na mimi nimevaa sketi ya shule kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi.

Nesi alimwekea mtoto mpira wa hewa puani, akamdunga sindano, ndipo akaomba ile karatasi. Niliitoa kwenye daftari. Aliitazama muda mrefu.

“Nani kachorachora hapa?”

“Watoto waliichezea,” akajibu mama.

“Na hapa umeandikiwa umrudishe baada ya siku mbili. Jana ulikuwa wapi, mama? Unataka mtoto afe?”

Kulikuwa na akina mama wengine kwenye benchi, na wote waligeuka. Mama aliangalia wino mwekundu, akaniangalia mimi, na nikajua ameelewa. Sikuwahi kuona macho yake yakikaa juu yangu hivyo.

“Nisamehe, nesi,” akasema. “Mimi sijui kusoma. Sikumpa mtu anisomee.”

“Na huyu wa sekondari?”

“Huyu hakuwepo.”

Nilikuwa na sekunde za kutosha kusema, nyingi tu. Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nesi akaendelea kumsema mama yangu mbele za watu, eti wazazi wa vijijini ndio wanaoua watoto wao, naye akawa anaitikia, “Ndiyo, nesi. Ndiyo.” Hata sasa ninapoandika haya uso unaniwaka.

Mdogo wangu alilazwa siku sita, akapona. Leo ni msichana mkubwa mwenye kelele nyingi, na hadithi hii haijui. Daftari la klabu nililitia jikoni, likawashia moto. Mama hakunigombeza siku ile, wala siku nyingine yoyote. Nilingoja anigombeze kwa miaka.

Siku hizi nafundisha Biharamulo. Nikienda nyumbani likizo, mama ananiletea karatasi zake za presha, amezikunja vizuri kwenye mfuko wa nailoni. Ananikabidhi kwa mkono mmoja, kisha anakaa karibu sana, bega kwa bega, na macho yake yanakifuata kidole changu kwenye kila mstari asioweza kuusoma.

“Soma yote,” ananiambia.

Naanzia juu kabisa, namsomea mpaka kwenye muhuri.