Pale pa Kuwekea Mguu

Nilimpiga mume wangu kwa beleshi la theluji. Nilimpiga mgongoni kwa nguvu zangu zote, katikati ya shamba jeupe kwa theluji nje kidogo ya Germantown, huku Marekani, binti yetu akitazama, na ningempiga tena kama asingeuachilia mguu wa ndugu yangu. Hasira hasara, wanasema. Siku ile hasira ndiyo iliyookoa kilichookoka, na sijawahi kuiombea msamaha.

Nianze na mashine yenyewe. Mume wangu ni mtu wa Mombasa, fundi wa magari katika gereji moja kule Woodbridge, na ana ugonjwa wa mafundi wa kwetu: hawezi kuona kitu kimetoka kiwandani akakiacha kilivyo. Mashine yangu ya kufulia ameshaifungua. Stroli ya kumsukumia binti yetu, alipokuwa mdogo, aliiongezea breki ambazo hakuna aliyeziomba. Basi aliponunua pikipiki ya theluji, kuukuu, kwa mteja aliyekuwa anahamia Florida, nilijua haitapona mikononi mwake. Pikipiki hiyo haina magurudumu. Mbele ina skii mbili za kuteleza, na chini yake kuna mkanda mpana wa mpira wenye meno unaoisukuma. Kila upande, chini ya kiti, kuna pale pa kuwekea mguu: kijia chembamba cha bati, kimezibwa mbele tu, upande wa nje kimeachwa wazi.

Ule uwazi ndio uliomkera. Tulipoijaribu mara ya kwanza, kwenye shamba lile, binti yetu alikaa mbele akishika usukani, baba yake nyuma yake. Barafu ilikuwa imeganda pale pa miguu, kiatu cha mtoto kikateleza, mguu ukachomoka nje na kuburuzwa karibu na ule mkanda. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wiki hiyo hiyo mume wangu akachomelea vyuma viwili, kimoja kila upande, vilivyopindwa kama mpini wa ndoo. Unaingiza mguu chini yake, chuma kinakubana juu ya kiatu. Alikiita kikuku, kama kile anachokanyagia mpanda farasi, na alijivunia vikuku vyake kuliko watu wanavyojivunia digrii.

"Wazungu wamebania bati hapa," alisema, akipangusa jasho. "Sasa mwanangu hata arushwe vipi, mguu hautoki."

Nilimshukuru. Niliona ni mapenzi, na kweli yalikuwa mapenzi.

Theluji kubwa iliyofuata tulirudi kwenye lile shamba, ambalo mwenyewe alituruhusu kulitumia. Safari hii tulikuwa na ndugu yangu, kitinda mimba wa kwetu. Nilimlea mwenyewe Nakuru baada ya mama kufariki. Nilimchapa, nikamlisha, nikamsomesha, kwa mpangilio huo huo. Kabla ya kuja Marekani alikuwa mtu wa bodaboda, na mtu wa bodaboda akili yake moja iko mguuni: pikipiki ikitaka kulala, anatoa mguu, anakita chini, anaiinua. Huku alikuwa ndiyo kwanza amepata leseni ya kuendesha malori makubwa. Kazi ilikuwa inamngoja. Maisha yake yote mapya yalikuwa kwenye mguu wa kulia, mguu wa kukanyagia mafuta na breki.

Binti yetu alitaka kutangulia. Ndugu yangu akamtania, akamwambia wazee kwanza, akapanda yeye.

"Enda polepole," nikamwambia.

"Siz, chill. Mi nishabeba pasenja watatu na mbuzi kwa matope. Hii ni nini?"

"Tia mguu ndani vizuri, shemeji," mume wangu akasema. Aliinama akamsukumia buti chini ya kikuku kwa mikono yake miwili. "Haya. Hapo umeshikwa."

Mzunguko wa kwanza ulikuwa raha tupu. Alipita mbele yetu akipiga mbinja, nasi tukicheka. Wa pili, skii ya kulia iliingia kwenye mtaro uliofunikwa na theluji. Mashine ikaanza kulala. Nikaona goti lake likifunguka, nikajua anatoa mguu akite chini, kama alivyofanya miaka yote ya bodaboda. Goti lilitoka. Paja likatoka. Wayo ukabaki. Mashine ikamlalia, mwili ukapinduka huku, wayo ukabaki kule, na mimi, niliyekuwa mbali, niliusikia mfupa. Haukulia mkavu. Ulilia mzito, kama kitu chenye maji ndani.

Injini haikuzimika. Ule mkanda uliendelea kuzunguka kando ya paja lake, ukimrushia theluji usoni, kwanza nyeupe, halafu yenye damu. Mume wangu alifika kabla yangu, akang'oa kamba ya kuzimia injini, akapiga magoti, akaanza kuuvuta mguu. Aliuvuta kama anavuta bolti iliyoshika kutu. Ndugu yangu alimlilia mama, mama ambaye hata sura yake haikumbuki. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani, na nimewaokota wengi sakafuni. Niliona kisigino kimekaa mahali pa vidole. Mguu uliogeuka hivyo hauvutwi.

"Wacha!" nikamwambia. Hakusikia. Nikamwambia tena. Akazidi kuvuta, analia, anasema "Toka, toka," kama anaongea na chuma. Ndipo nikainua beleshi.

Alianguka kifudifudi. Alipoinuka, midomo yake ilikuwa na theluji.

"Utaung'oa!" nikamfokea. "Kata chuma chako! Kata hicho chuma, mshenzi wewe!"

Alinitazama kama mtu aliyezinduliwa, akakimbilia garini, akarudi na grenda ya betri ya kukatia chuma. Binti yetu alikuwa ameshapiga simu ya dharura, anaelekeza njia kwa Kiingereza huku meno yakimgongana. Grenda ikaanza kupiga kelele. Cheche ziliruka hadi kwenye suruali ya ndugu yangu, chuma kikapata moto, mpira wa buti ukaanza kunuka. Nilizoa theluji kwa mikono mitupu nikaishindilia juu ya kiatu, nikazoa tena. Ndugu yangu alitafuta kitu cha kuuma akapata mkono wangu. Aliuma mpaka damu ikatoka, nikamwacha aume. Alama ninayo. Kikuku kilikatika wakati gari la wagonjwa likiingia shambani.

Hospitalini tulikaa kwenye korido, mume wangu na mikono yake myeusi.

"Walipaacha wazi makusudi," akasema.

"Nani?"

"Waliotengeneza. Mtu akianguka, mguu utoke. Mimi nikadhani bati liliwaishia. Kumbe ule uwazi ndio kazi yenyewe. Palitaka kupanguswa barafu tu, mke wangu. Barafu tu. Mimi nikapaziba. Na aliyefuata kupanda alikuwa mwanangu. Ningemtia mguu mle kwa mikono yangu."

Kisha aligeuka akaanza kujigonga kichwa ukutani, taratibu kwanza, halafu kwa nguvu, mpaka mlinzi akaja mbio kumshika. Mimi sikumzuia. Nilitaka ajigonge. Nilimpenda, na nilitaka apasuke.

Mguu haukukatwa. Waliujaza vyuma na skrubu, ukapona mgumu. Kifundo hakikunjiki tena. Kazi ya lori alipewa mtu mwingine.

Ndugu yangu akaja kukaa kwetu, maana hakuwa na pengine, na nyumba ikawa na maradhi mawili. Mume wangu alimbeba kumpeleka bafuni. Alimletea chai, alimkatia kucha, alimvalisha soksi kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kuufikia ule wayo. Kila alipomvalisha alisema, "Nisamehe, shemeji." Ndugu yangu alitazama dirishani. Hakumtukana hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu ndugu yangu tangu utotoni akikasirika hutukana, na akinyamaza anahama. Mume wangu naye aliacha kula mezani. Alianza kusema kwamba labda yeye ndiye aondoke, akalale kule gereji ya kazini. Niliwasikiliza wote wawili nikaona nitazika mmoja bila maiti.

Wamama wa kanisa walikuja na vyungu vya mukimo wa viazi na maombi marefu. Mmoja wao akamshika ndugu yangu mkono.

"Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Sema tu umemsamehe shemeji yako."

"Ulizeni mguu," akajibu. "Ukisema umesamehe, nitawaambia."

Walipoondoka nilishuka gerejini kwetu, chini ya nyumba, nikafunua ile mashine, nikaipiga kwa lile beleshi mpaka taa ikavunjika na mpini ukakatika. Sikupata nafuu. Mikono iliniuma tu.

Theluji iliyeyuka. Jumamosi moja mchana nilikuwa jikoni napika chapati, na kutoka pale niliwaona sebuleni. Ndugu yangu amekaa kwenye kochi, magongo yake mapajani. Mume wangu amepiga magoti mbele yake, soksi mkononi, hana viatu. Akasema kama kawaida, "Nisamehe, shemeji."

Ndugu yangu aliinua gongo moja kwa mikono miwili, akalishusha juu ya wayo wa mume wangu.

Mlio ule niliusikia tumboni. Mume wangu alianguka ubavu, ameushika mguu, mdomo wazi bila sauti. Binti yetu, kutoka mlangoni, akapiga kelele, "Uncle, stop!" Mimi nilishatoka jikoni na mwiko mkononi, na Mungu anisamehe, sikujua naenda kumpiga nani.

"Muache," mume wangu akaniambia kutoka sakafuni. Jasho lilikuwa linamtiririka. Akamgeukia ndugu yangu. "Ongeza."

Ndugu yangu alikuwa ameliinua gongo tena. Uso wake ulikuwa ule ule wa utotoni, wa siku nilizomchapa akakataa kulia. Kisha ulivunjika. Alilia kwa sauti, makamasi yakimtoka, akalia jinsi ambavyo hakuwahi kulia hospitalini. Gongo likamponyoka likaanguka.

"Moja inatosha, shem," akasema. Akanyoosha ule mguu mgumu. "Haya. Nivalishe soksi."

Mume wangu alijikokota kwa viwiko mpaka kwenye kochi, akamvalisha.