Namba Tamu Anapelekewa Wifi

Watu hudhani mke wa dereva wa lori huwaonea wivu wanawake wa njiani. Thubutu! Mimi namwonea wivu wifi yangu, dada wa mume wangu, fundi saa mwenye miwani puani kutwa nzima.

Mume wangu akiona kibao cha barabarani chenye namba tamu, humpigia yeye. "Dada, leo nimekutana na mrembo! Mia saba thelathini na saba, mbele nyuma sawasawa!" Mara ya kwanza niliposikia hilo neno "mrembo", pasi iliunguza pazia la mteja. Kumbe ni mchezo wao tangu utotoni. Mimi nikipigiwa, ni "nimefika salama", basi. Nilimwomba anifundishe, akasema, "Hesabu zitakuchosha, mke wangu." Zinichoshe! Mapazia nayapima kwa kubahatisha?

Safari hii nikapanda naye lori. Nilijiapiza nitaona namba kabla yake, acheke na mimi, japo mara moja tu. Nikakodolea vibao macho hadi shingo ikakakamaa. Baada ya daraja, hicho hapo: bandarini 144, mpakani 169. Moyo ukaruka! Vitambaa vya mraba nimeshona mpaka basi: kumi na mbili kwa kumi na mbili, kumi na tatu kwa kumi na tatu. Kabla sijafungua mdomo, bwana keshaegesha lori, simu sikioni, anamsomea dada yake kibao. Nikampokonya.

"Wifi, leo namba ni zangu. Zote mbili mraba!"

"Hongera, wifi," akajibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. "Sasa zigeuze, umwambie wewe. Mimi usinitaje."

Akakata. Nikaandika kwa kidole kwenye vumbi la dashibodi. 441, ishirini na moja mara ishirini na moja. 961, thelathini na moja mara thelathini na moja. Mama yangu we!

Nikamwonyesha mume wangu. Akapiga usukani kofi, akacheka kile kicheko ambacho miaka yote nakisikia kupitia mlangoni. Akanikumbatia.

"Kumbe na wewe umo!" akasema. "Kama dada kabisa!"

Nikafuta vumbi kwa kiganja. Nikamwambia awashe lori, mbele kuna kibao kingine.