Neno Alilolikata Mama Ng'ambo

Pasi inafuka mvuke. Mwanamke aliye nyuma ya meza anachovya vidole kwenye bakuli la maji, ananyunyizia kola ya shati, kisha anaipitisha pasi kutoka ncha kuja katikati. Chumba ni kidogo. Nguo zilizokwisha kunyooshwa zimejaa kamba nzima hadi mlangoni, na mteja anayeingia hana budi kuinama.

"Mama Ng'ambo!" anaita mwalimu mmoja, ameshika suruali aliyoichukua jana. "Umenipigia mistari miwili mguu mmoja. Nifuate upi?"

"Fuata unaokwenda kwako, maana huwa unapotea."

Wote wanacheka, lakini suruali anaipokea airudie. Siku hizi akili yake haiko kwenye nguo. Binti yake ni mjamzito, amekaribia kujifungua, na asubuhi hii anakuja kuchukua nepi.

Mtaa mzima unamwita Mama Ng'ambo tangu aliporudi miaka minne iliyopita. Wenzake wanaitwa kwa majina ya watoto wao. "Mimi wamenipa nchi ya watu," anasema. "Utadhani ng'ambo ndiyo niliyoizaa."

Aliondoka mtoto ndiyo kwanza anaota meno. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, kulea watoto wa tajiri mmoja na kupiga pasi nguo za nyumba nzima. Mtoto akamwachia dada yake mkubwa. Kila mkataba ulipokwisha, alijiambia mmoja tu zaidi: wa bati, halafu wa milango, halafu wa ada ya shule. Ikapita miaka kumi na minane.

"Niliwaogesha watoto wa watu mpaka wakaanza kunifungia mlango wa bafu," anasema. "Wangu, sijui hata sabuni ikimwingia machoni alikuwa analiaje."

Nyumba ilikwisha. Ina chumba cha binti, chenye pazia la waridi. Binti aliolewa kabla hajakizoea. Sasa zinalala humo nguo za wateja.

Lakini kinachomuuma zaidi ni neno moja. Enzi hizo kupiga simu kutoka kule kulikuwa ghali, naye akawa anasema kwa mkato. Msikilize mama. Haya, mpe mama simu. Alikuwa na maana ya mama mkubwa, yaani dada yake.

"Mkubwa! Neno lenyewe lingekula salio gani? Nikalikata. Mtoto akashika kwamba huyo ndiye mama. Na mdogo wake mama anaitwaje? Mama mdogo. Mwanangu hakukosea, amehesabu vizuri kabisa."

Dada mtu anaingia na ndoo ya maji, anaitua kwa mkono mmoja karibu na meza.

"Nilimsahihisha," anasema. "Nilimwambia, mimi niite mama mkubwa. Akaniuliza, mama ni yupi? Nikamwonyesha simu. Akaibusu ile simu, kisha akaja kulala kifuani kwangu. Ningemfukuza?"

Anapotoka kwenda kuanua nguo, mdogo wake anashusha sauti. "Kila kiatu kipya alimwambia mtoto kimetoka kwangu. Vingine sikutuma mimi."

Binti anafika taratibu, mkono kiunoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Keti, usisimame."

Nepi ziko tayari, nyeupe, pembe juu ya pembe. Imebaki moja mezani. Binti anazipapasa, anashukuru kwa adabu, kisha anamgeukia yule anayeingia na furushi la nguo.

"Mama, unakuja lini kwangu? Kitanda chako tumeshakiweka. Nani ataniogeshea mtoto?"

Pasi inasimama.

Dada mtu anamtazama mdogo wake. Anatua furushi, anashika kiuno.

"Mwanangu, mgongo huu hauwezi tena kuinamia beseni."

"Mgongo? Umeanza lini?"

"Asubuhi hii."

"Mama! Juzi umebeba gunia."

"Si ndilo lililouvunja? Mchukue mama yako huyu. Ameogesha watoto kuliko sisi sote."

Binti anachezea pindo la nepi. Harufu ya kuungua inapanda. Mama Ng'ambo anainua pasi haraka. Chini yake kuna alama ya kahawia.

"Hii niachie," anasema, "nitakuletea nyingine."

"Utaweza kufunga kazi, mama mdogo?"

"Nitafunga."

"Basi njoo nayo," anasema binti. Amemtazama usoni, kisha anajizoazoa kuondoka na nepi zake.

Dada mtu anainama, anainyanyua ile ndoo iliyojaa maji na kuipeleka uani kama anayebeba kikapu kitupu.

"Dada, mgongo!"

"Nyamaza wewe, hajafika konani."

Mama Ng'ambo anacheka mpaka machozi yanamtoka, na anapomaliza kucheka machozi yanaendelea. Anaikunja nepi iliyoungua na kuiweka mfukoni. Mwezi mzima hatapiga pasi. Wateja ameshaanza kuwaambia.

"Neno mama lina mwenyewe, na amelifanyia kazi," anasema. "Siwezi kumnyang'anya. Kwa mwanangu nilichelewa. Ila huyu anayekuja nitamfundisha mwenyewe, kwa mdomo wangu, si kwa simu. Na safari hii sikati. Nitamtajia lote: bibi, mzaa mama."